Dawa Inayoshika Bila Hewa

Siku ya arobaini na tatu tangu tumzike mume wangu Oduor, chupa ya kahawia iliisha. Niliigeuza juu chini, nikaigonga kiganjani, nikangoja. Halikutoka hata tone.

Mtu asiyejua magari angesema ni chupa tu. Lakini dawa ile ndiyo iliyozuia malori ya samaki kusambaratika njiani. Ukitoka hapa Usenge kwenda Bondo barabara ni mawe na mashimo. Lori linatetemeka mpaka dereva anajiuma ulimi, na nati zinajifungua zenyewe bila kuguswa na mtu. Oduor alikuwa akipaka matone mawili kwenye meno ya bolti, anaianika juani mpaka dawa inate kidoleni, halafu ndipo anakaza. Ikishakazwa hivyo, nati haiendi popote. Alifundishwa hivyo na Mhindi mmoja aliyemwajiri Kisumu zamani, kabla hajarudi nyumbani kufungua gereji yake hapa, ndani ya boma letu, hatua chache kutoka langoni.

Miaka sita ya mwisho macho yake yalikuwa na ukungu. Yeye alipapasa, mimi nikamwambia ninachoona. Kwa hiyo kazi niliijua, ila mkono wangu haukuwa na nguvu za kukaza nati kubwa. Nguvu zilikuwa za Wakoli, fundi wetu, Mbukusu mpole aliyeokoka, asiyegusa pombe wala tumbaku.

Nisingesumbuka sana na chupa kuisha kama ningeweza kupanda gari na kwenda Kisumu kutafuta nyingine. Lakini sikuruhusiwa kuvuka lango. Kwa watu wa mume wangu, mjane hatoki bomani wala haingii nyumba ya mtu mpaka ndugu wa marehemu amrithi. Mchungaji wetu alikuja, akaniombea, akasema mbele ya Mungu niko huru, akanywa chai, akatoka langoni. Mimi nikabaki.

Lango lenyewe halikuwa na kufuli. Ningeweza kutoka siku yoyote. Ila ningetoka, wasingenikubali tena ndani, na ndani ndiko kulikokuwa na gereji, na shamba la mtama, na kaburi la Oduor, na kitanda walikozaliwa watoto wangu wote. Kwa hiyo nilikaa. Nilihesabu kuku. Nilifagia mahali nilipokwisha kufagia. Nilisimama hatua moja kabla ya lango, nikatazama akina mama wakipita na karai za omena, wale dagaa wa ziwani, vichwani, wakinisalimu kwa kichwa bila kunipa mkono.

Aliyetaka kunirithi ni Dalmas, mdogo wa Oduor. Alikuwa na wake wawili tayari. Sidhani alinitaka mimi, bibi mwenye wajukuu saba na goti bovu. Alitaka gereji, na mimi nilikuwa mlango wa kuingilia.

Wazee walikaa, na Mzee Walter, mkubwa wao, ndiye aliyesema neno.

"Nyar Alego," akaniita, kwa maana mimi ni binti wa Alego na ndivyo wanavyoniita hapa, "gereji ni kazi ya mwanamume. Lakini tunaona malori ya Chege bado yanakuja. Yakiendelea kuja, shika funguo. Yakiacha, funguo zinakwenda kwa Dalmas, na wewe pamoja nazo. Hapo hatutaki kelele za kanisa."

"Nimesikia, mzee," nikasema.

Chege alikuwa mfanyabiashara Kisumu, mwenye malori matatu makuukuu ya kubebea samaki, na ndiye pekee aliyetulisha. Sasa nimeshika chupa tupu, na ni jana tu dereva wake Bildad ameniletea ujumbe.

"Shosho," alisema, kama anavyomwita kila bibi, akikwaruza matope kwenye kiatu, "mkubwa ananipenda na anakupenda, lakini anapenda lori zaidi. Propela imelegea mara mbili tangu mzee atutoke. Mara ya pili nilisikia ikigonga chini kama mtu anataka kuingia. Juu ya samaki kulikuwa na wamama wanne wamekalia barafu. Ile chuma ikidondoka mbele, inajikita barabarani na lori linapinduka. Mkubwa amesema ikilegea tena anapeleka zote gereji ya Bondo."

Propela ni ule mhimili mrefu unaotoa nguvu kwenye injini na kuipeleka magurudumu ya nyuma. Unashikwa na bolti nne mbele na nne nyuma. Hizo bolti zilikuwa za kipimo cha Kiingereza cha zamani. Nati mpya zilizokuwa madukani zilikuwa za milimita, hazikuingia. Matundu yenyewe yalikuwa yameshapanuka. Ndiyo maana Oduor alitegemea dawa.

Nikamwandikia barua Gakenia, dada anayeuza kwenye kaunta ya duka la vipuri mjini Kisumu, yule aliyekuwa akimuuzia Oduor. Niliandika kwa penseli, kwa maandishi yangu ya darasa la nne: Oduor amefariki, dawa imeisha, nitumie nyingine kama hiyo, au ndugu yake. Bildad akaibeba.

Wakati tunangoja, Wakoli na mimi tukajaribu tulivyoweza. Tulipaka rangi ya mlango kwenye meno ya bolti. Ilishika mpaka Bondo, ikavunjika kama ganda la yai. Tulizungushia uzi wa nailoni wa nyavu, ule mwembamba wa kunasia samaki aina ya ngege. Nao ulishika kidogo, halafu joto likaulainisha.

"Mama, tuchomelee," Wakoli akasema. "Nati na bolti viwe kitu kimoja."

"Na siku krosi, kile kiungo cha propela, ikilika, utafunguaje?"

Akakuna kichwa. "Hapo tutakata."

"Ukichomelea umeoa, Wakoli. Hapana kutoka tena."

"Kwani kuoa ni kubaya?"

"Niulize mimi niliye ndani ya lango."

Alicheka kidogo, halafu akaona sikucheka, akachukua tindo na nyundo akaenda kugonga ncha za bolti ziwe bapa. Njia hiyo nayo ilitupitisha safari mbili, na kila safari Bildad alirudi akiendesha polepole, kichwa nje ya dirisha, akisikiliza.

Jibu la Gakenia lilikuja ndani ya karatasi ya gazeti iliyolowa maji ya samaki. Alinipa pole. Akasema ile dawa ya chupa ya kahawia haitengenezwi tena popote, zile herufi zilizokuwa juu yake zimefutwa, siku hizi wanatumia namba na rangi. Nyekundu haifunguki mpaka uichome moto. Ya buluu inafunguka kwa spana ukitaka. Amenitumia ya buluu. Palikuwa na karatasi nyingine ya maelezo kwa Kizungu, lakini maji ya samaki yalikuwa yameyanywa maandishi yote.

Chupa yenyewe ilikuwa ya plastiki, ndogo kama kidole gumba. Niliinua juani. Dawa iliishia katikati.

"Imefunguliwa hii," Wakoli akasema. "Bildad! Umekunywa?"

"Ningekunywa hiyo, ningefungwa tumbo mpaka Krismasi," Bildad akajibu. "Imetoka dukani hivyo. Uliza kifuniko, kilikuwa na lakiri yake."

Mimi sikupenda. Kwetu mafuta ya kupikia, maziwa, hata mafuta ya taa, ukimpimia mtu unajaza mpaka shingoni, la sivyo anajua umemwibia. Chupa ya nusu ni chupa ya mwizi. Na kitu kikikaa nusu, nilijua hewa inakiharibu: samli inachacha, rangi inaweka ngozi juu. Basi nikatafuta kichupa cha sindano cha zahanati, cha kioo, nikakiosha, nikamimina dawa yote mpaka ikagusa mpira wa kifuniko. Ikajaa vizuri, haikubaki nafasi ya pumzi. Nikatia msumari mdogo ndani wa kuchovya, kama Oduor alivyozoea kufanya na ya zamani. Tone moja lilimwagika kwenye kifuniko cha kopo la mafuta ya Kimbo, nikaliacha dirishani.

Kabla sijafunga, Wakoli alikuwa amepaka bolti nane za lori la Bildad. Alifanya kama marehemu. Aliziosha kwa mafuta ya taa, akazifuta kwa kitambaa, akapaka, akazipanga juu ya bati juani. Tulingoja dawa inate. Saa nzima haikunata. Saa mbili. Jua lilikuwa kali, kuku wamelala vivulini, na dawa bado ni maji.

"Labda ni ya Wazungu wa baridi," Wakoli akasema.

"Kaza hivyohivyo. Bildad anaondoka na barafu inayeyuka."

Siku ya pili Bildad alirudi kwa miguu. Lori aliliacha kilomita nne kutoka kwetu, nati tatu zimedondoka kabisa na ya nne ameizungusha kwa vidole. Alikuja amebeba zile nati mfukoni, akaziweka juu ya meza yangu. Zilikuwa na unyevu wa buluu ndani, kama zimepakwa sasa hivi.

"Chege hajui," akasema. "Nitafunga kwa waya nifike. Lakini shosho, hii ndiyo ya mwisho. Nina watoto."

Alipokwenda, nilikichukua kile kichupa ili nikitupe. Nikakiinamisha. Hakikucheza. Nikavuta mpira, nikavuta msumari. Msumari haukutoka. Dawa yote niliyoifungia ilikuwa imekuwa jiwe, na msumari ndani yake kama mdudu kwenye utomvu.

Dalmas alikuwa ameingia, amesimama nyuma yangu. Alikuwa haingii nyumbani, alikuwa akija gereji kuhesabu spana kwa macho.

"Yuora," akasema, maana ndivyo shemeji wanavyoitana kwetu, "dawa yako inashika chupa, haishiki gari."

"Naona."

"Kaka yangu alikuwa fundi. Wewe ulikuwa unamshikia taa. Si vibaya. Lakini pumzika sasa. Nitaleta fundi kutoka Siaya, na wewe utakaa ndani kama wanawake wengine."

"Ndani nimeshakaa, yuora. Siku hamsini na mbili."

Alienda zake akipiga mluzi. Nikakaa juu ya tairi. Sikulia. Nilikitazama kichupa, halafu nikatazama kifuniko cha kopo la Kimbo pale dirishani. Lile tone lililomwagika siku ile lilikuwa bado maji. Upepo umelipiga, jua limelipiga, vumbi limeliangukia, na bado ni maji.

Nilikaa pale mpaka mtama ulioko jikoni ukaungua, ndipo nikaelewa. Wazi, ni maji. Kwenye bolti juani, ni maji. Kwenye chupa ya nusu, yenye hewa yake juu, ilikuwa maji tangu Kisumu mpaka Usenge. Mimi ndiye niliyeinyima hewa, nikaifungia pamoja na chuma, na ndipo ikashika. Ile ya zamani ilikauka kwa upepo. Hii ilikuwa kinyume chake. Hii haikutaka kuanikwa, ilitaka kuzibiwa hewa.

Nikachukua unyoya wa kuku, nikalizoa lile tone kwenye kifuniko, nikalipaka kwenye bolti ndogo mpya ya baiskeli, na nikafunga nati papo hapo, bila kuanika hata dakika moja. Kesho yake asubuhi nikampa Wakoli aifungue kwa vidole. Alishindwa. Akachukua spana, akatoa sauti, na nati ikaachia kwa mlio mkali.

"Mama!" akasema.

"Usiseme 'Mama.' Ile bolti ilikuwa mpya na kavu. Zetu zina mafuta ya miaka ishirini."

Nikaandika tena kwa Gakenia, na Bildad, aliyekuwa amelifikisha lori mjini kwa waya, akarudi na chupa ya pili. Safari hii niliiacha nusu vilevile, na hewa yake juu. Gakenia alikuwa ameandika mstari mmoja tu: bolti isiwe na mafuta hata kidogo, mafuta ya taa yanaacha utando, isafishwe kwa spiriti.

Wakoli alikwenda zahanati. Hawakuwa na spiriti tangu mwezi uliopita. Walikuwa wakisafisha vidonda kwa maji ya chumvi. Petroli tuliyokuwa nayo ilikuwa imechanganywa na mafuta ya mashine ya mashua. Bondo ilikuwa mbali, na Bildad alitakiwa kuondoka kesho jioni na samaki. Nikafikiria kilichoko Usenge ambacho ni safi, kikali, na kinawaka moto bila kuacha alama.

"Chang'aa," nikasema, ile pombe kali ya magendo.

Wakoli akarudi nyuma hatua. "Mama, mimi nimeokoka."

"Hutakunywa. Utaosha bolti."

"Hata kuinunua. Wakiniona pale kwa wapishi, Jumapili nitasemwa kanisani."

Bildad naye alikataa. Polisi walikuwa wamesimama njiani wakinusa malori. Na mimi lango langu ni lile. Amebaki mtu mmoja anayekwenda kwa wapishi wa chang'aa kila siku bila mtu kushangaa.

Nikamtuma mtu amwite Dalmas, aje mpaka uani.

"Yuora," nikamwambia, "naomba uniletee chang'aa. Ile ya kwanza kutoka, inayoshika moto. Kesho mchana."

Alinitazama kama mtu aliyesomewa namba yake ya bahati nasibu redioni. "Wewe? Mama wa kanisa?"

"Mimi."

"Chupa ngapi?"

"Moja yatosha."

"Nitaleta mbili," akasema, na akaenda haraka kabla sijabadilisha nia.

Sikumdanganya. Hakuniuliza ya nini. Lakini nakubali kwamba nilijua anafikiri namkaribisha anirithi, na sikumzuia kufikiri.

Kesho yake saa saba alikuja amenyoa, amevaa viatu vya harusi na koti zito la marehemu baba yao, jasho likimtiririka. Alikaa kwenye kiti cha Oduor pale mlangoni mwa gereji, akaweka chupa mbili mezani. Nikamimina kidogo kwenye kisahani, nikawasha kiberiti. Moto wa buluu ukapanda, ukaisha, kisahani kikabaki kikavu, hakuna utelezi. Ilikuwa safi.

"Umeona?" Dalmas akasema. "Sileti takataka kwa mwanamke ninayemheshimu."

"Ero kamano, yuora. Asante sana."

Nikaleta karai. Ndani yake kulikuwa na bolti nane na nati nane. Nikamimina chupa ya kwanza juu yake.

Dalmas alisimama. "Unafanya nini?"

"Naosha."

"Unaosha vyuma na pombe yangu?"

"Ulisema umeniletea mimi."

Wakoli alikuwa amejifunga kitambaa puani, anasugua kila bolti kwa mswaki wa zamani, uso ameugeuza pembeni kama mtu anayebadilisha mtoto nepi. Bildad alikuwa chini ya lori akicheka mpaka magoti yake yakawa yanatikisika. Dalmas alichukua ile chupa ya pili, akaitia ndani ya koti.

"Wiki moja," akasema, na sauti yake haikuwa na mchezo. "Nimemsikia huyu dereva akisema ni ya mwisho. Wiki moja nakuja na Mzee Walter. Nati zikiwa zimesogea, sitabisha hodi."

Tulipaka bolti moja moja, matone mawili, na hapohapo Wakoli akaingiza na kukaza, bila kuanika, bila kungoja. Tulilala lori limesimama ili dawa ishike, na Bildad aliuza sehemu ya samaki wake palepale ufukweni wasiharibike. Kabla hajaondoka asubuhi, niliingia katika shimo la gereji, chini ya lori, nikachora kwa rangi nyeupe mstari mmoja juu ya kila nati, ukipita mpaka kwenye chuma kilicho chini yake. Nati ikisogea upana wa unywele, mstari unakatika.

Ile wiki ilikuwa ndefu kuliko zile nane zilizotangulia. Kila lori lililonguruma barabarani nilisimama. Niliota propela ikidondoka, nikaona karai za omena zikiviringika, na nikaamka nikijua kwamba hata kama watu wamekufa huko, mimi siruhusiwi kwenda kulia nao. Nilipika na kusahau kula. Siku ya tano mvua ilianza, ikanyesha usiku na mchana.

Siku ya saba asubuhi Bildad alifika. Alikuwa amekwenda Kisumu na kurudi mara tatu. Alijaribu kuingia bomani kama kawaida, aje mpaka shimoni, lakini pale langoni palikuwa pameoza kwa mvua. Magurudumu ya mbele yakapita. Ya nyuma yakazama mpaka kitovuni. Lori likakwama hapo, nusu ndani, nusu barabarani, limeziba lango kama kizibo.

Na Dalmas alikuwa ameshafika na Mzee Walter, wamesimama kwenye uchochoro wa ua.

"Haikunisumbua hata kidogo, shosho," Bildad akasema kutoka dirishani.

"Wewe ni mtu wa Chege," Dalmas akamkata. "Tutazame mistari."

Za mbele Wakoli alizionyesha kwa urahisi, zilikuwa upande wetu. Mistari minne, yote imenyooka. Mzee Walter aliinama kadiri ya kiuno chake akakubali. Lakini nne za nyuma zilikuwa nje ya lango, chini, karibu na matope. Dalmas akazunguka kupitia pengo la ua, akachuchumaa barabarani, akachungulia sekunde moja tu, akarudi.

"Mmoja umekatika," akasema. "Hauonekani kabisa."

"Si kweli!" Wakoli akasema.

"Wewe unakula kwake," Mzee Walter akamwambia bila ukali. Halafu akamgeukia Dalmas. "Na wewe unataka kula kwake. Mimi magoti yangu hayashuki huko. Sasa nani ataniambia?"

Mvua ilikuwa ikitiririka kwenye kofia yake. Nilijifunga leso kiunoni, nikapiga magoti mbele ya bampa, nikaingia chini ya lori kichwa kwanza.

Chini kulikuwa na harufu ya samaki na mafuta moto. Nilijivuta kwa viwiko, goti bovu likiburuta, propela juu yangu nikiifuata kama mtu anayefuata kamba. Niliona nguzo ya lango kulia, nguzo ya lango kushoto, halafu zikawa nyuma yangu. Niliendelea. Nilifika kwenye zile nne. Mitatu ilikuwa wazi. Juu ya wa nne kulikuwa na donge la matope limeganda. Nilivua kitambaa cha kichwa, nikalisugua polepole, kama ninavyosugua sikio la mtoto. Mstari ukatokea. Ulikuwa mmoja, mweupe, umenyooka kutoka juu ya nati mpaka chini.

"Yuora," nikaita. "Njoo uone."

"Nimeshaona."

"Nenda," sauti ya Mzee Walter ikasema.

Akaingia kutokea upande wa barabara, akiguna, akalala chali kando yangu kwenye matope, bega lake likagusa langu kwa maana hapakuwa na nafasi nyingine. Alitazama. Akalamba kidole chake, akakipitisha kwenye mstari kujaribu kama rangi ni mpya. Haikutoka.

"Haijasogea," akanong'ona.

"Mwambie mzee."

"Uko nje ya lango, nyar Alego. Hilo peke yake linatosha."

"Niko nje," nikasema. "Na wewe umelala chini na mjane ambaye hajafanyiwa mila yoyote, nje ya boma, kwenye njia ya watu, mchana. Tukimwambia mzee, tumwambie yote mawili."

Maji yalidondoka kutoka kwenye ekseli, tone baada ya tone, kati ya nyuso zetu. Nilisikia anavyopumua. Yeye naye alikuwa amebanwa. Angeinua kichwa angegonga chuma.

"Haijasogea!" akapaza sauti. "Zote nane!"

"Wewe umeona kwa macho yako?"

"Nimeona!"

Mzee Walter akasema, "Basi funguo zibaki kwa nyar Alego. Kwa sasa."

"Kwa sasa," Dalmas akarudia sikioni mwangu, taratibu, akajiburuta kutokea upande wa barabara. Nilimsikia akiwaambia kina mama waliokuwa wakipita kwamba ameteleza.

Wakoli alipiga goti kule mbele, nikageuza shingo nikaona uso wake mdogo mbali, umepinda, unacheka. "Mama! Tumeshika! Unatokea wapi, huko au huku?"

Miguu yangu ilikuwa upande wa nyumbani. Mbele ya uso wangu kulikuwa na barabara, hatua mbili tu, alama za magurudumu zimejaa maji zikielekea Bondo, na mwanamke mmoja amesimama kupumzisha karai lake, haniangalii.

"Huku nilikoingilia," nikamwambia. "Tafuta mawe ya kuweka chini ya tairi."

Nikaanza kurudi kinyumenyume, kwa tumbo, kwa sababu chini ya lori hapana nafasi ya kugeuka.